Tairi Nne Nyuma: Jinsi Nilivyomkatalia Baba Mdogo

Mhariri ameniomba niandike kitu cha uhandisi ambacho hata wenzetu wa sheria na uhasibu watakisoma bila kusinzia. Nimeamua kuandika kuhusu tairi. Msicheke. Karibu kila mmoja wetu ana ndugu nyumbani mwenye pikapu, na siku ndugu huyo akijua kwamba unasoma uhandisi (au hata kama unasoma famasia, kwake ni mulemule tu), ipo siku atakupigia simu akuulize swali nililoulizwa mimi.

Swali langu lilitoka kwa baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye anaishi Ilula. Wanaoijua barabara ya Iringa kwenda Dar wanaijua Ilula kwa nyanya. Ukipita pale msimu ukiwa umefika utaona matenga yamepangwa kando ya lami kama kuta. Baba mdogo ana Hilux ya mwaka 2006, na mwaka huu alinunua trela ya mtumba ili kila safari abebe mzigo mara mbili. Matokeo yake pikapu ikakaa chini nyuma, pua ikatazama juu, na tairi mbili za nyuma zikapasuka ndani ya mwezi mmoja. Akiwa Makambako akaona Hilux ya mtu mmoja ikiwa na tairi nne nyuma, mbili kila upande, kama Canter. Usiku huohuo akanipigia.

"Mwanangu, nichoree kile kisahani."

Kisahani anachosema ni adapta. Ni duara nene la chuma lenye matundu ya kufungia kwenye bolti za gari, na bolti zake zenyewe upande wa nje za kufungia rimu ya pili. Hakuna ajabu ndani yake. Fundi mkerezaji mwenye mashine nzuri anakitengeneza kwa siku moja.

Sasa niseme ukweli. Nauli yangu ya kwanza ya kuja Johannesburg ilitoka kwenye matenga ya nyanya. Ada ya muhula wa kwanza vilevile, kabla sijapata ufadhili. Kwa hiyo mtu huyu anaponiambia nichore, mimi nachora. Nilikaa jioni moja tu kwenye kompyuta ya maabara hapa Braamfontein, nikachora kisahani kizuri chenye vipimo vyote, nikapiga picha, nikatuma. Akajibu: "Sasa naona faida ya ng'ombe wangu." Nililala nikiwa na furaha. Hesabu ya nguvu za chuma sikufanya. Nilijiambia ni kitu kidogo.

Wiki iliyofuata rafiki yangu mmoja Mganda alipeleka bakkie yake (hapa ndivyo wanavyoita pikapu, na hutamkwa "baki") kwenye gereji moja kusini mwa jiji. Nikamsindikiza, maana gereji kwangu ni kama duka la nguo kwa wengine. Kwenye benchi la fundi kulikuwa na hafushafti iliyokatika. Nikaomba niishike. Sehemu kubwa ya mahali ilipokatikia ilikuwa laini, yenye mistari ya duara iliyofuatana kama pete za umri kwenye gogo la mti. Sehemu ndogo iliyobaki ilikuwa imeparuka, ina chembechembe kama sukari. Waliosoma metali wanaijua sura hiyo. Chuma hakikukatika siku ile gurudumu lilipochomoka. Kilianza kukatika zamani, kidogokidogo, kila gurudumu lilipozunguka, na siku ya mwisho kilimalizikia tu.

"Ilikuwa na nini hii?" nikauliza.

"Mwenyewe alitaka tairi nne," fundi akasema. "Tukamwekea spesa."

Sikuongea tena. Nilirudi chuoni, nikafungua ule mchoro wangu, nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kuutuma.

Kabla ya hesabu, tumtendee haki baba mdogo, kwa sababu hoja yake si ya kijinga. Ukichungulia ubavu wa tairi ya pikapu au ya Hiace utakuta namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju, kwa mfano 110/108. Namba hizi ni fahirisi ya uzito ambao tairi inaweza kubeba. Ya kwanza ni pale tairi inapokaa peke yake, na 110 maana yake ni kilo 1,060. Ya pili ni pale inapokaa na mwenzake upande mmoja, na 108 maana yake ni kilo 1,000. Ya pili huwa ndogo kwa sababu tairi mbili zilizofungwa pamoja hazigawani mzigo sawasawa hata siku moja: moja ina upepo zaidi, au imelika zaidi, au barabara imeinama upande, na joto lililo katikati yao halina pa kutokea. Hata hivyo piga hesabu: tairi mbili peke yake ni kilo 2,120, tairi nne ni kilo 4,000. "Si karibu mara mbili hiyo?" Ndiyo, baba mdogo, ni karibu mara mbili. Ila ni uwezo wa tairi tu. Tairi ni pete ya mwisho ya mnyororo unaoanzia kwenye chesisi, ukashuka kwenye springi, ukaingia kwenye ekseli, beringi, bolti na rimu, na mzigo unapita kwenye pete zote hizo.

Pete niliyoisahau mimi ni hafushafti. Magari yetu yana ekseli za nyuma za aina mbili, na tofauti yake unaweza kuiona kwa macho bila kufungua kitu. Itazame Canter, au Land Cruiser ya kazi, zile za mfululizo wa 70. Katikati ya gurudumu la nyuma kuna kitovu kilichotokeza nje, chenye duara la bolti ndogo ambazo si za kufungia rimu. Ndani ya kitovu hicho kuna beringi mbili zinazokaa juu ya bomba la ekseli lenyewe, na bomba ndilo linalobeba gari. Hafushafti inapita katikati na kazi yake ni moja tu, kuzungusha. Unaweza kuichomoa gari likiwa limesimama kwenye tairi zake na halitaanguka. Sasa itazame Hilux ya baba mdogo. Kitovu hicho hakuna. Rimu imefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya hafushafti iliyopanuliwa kama sahani, na kuna beringi moja tu karibu na ncha hiyo. Hafushafti inazungusha na hapohapo inabeba. Ukiichomoa, gurudumu linatoka nayo.

Hakuna ubaya katika mpangilio huo. Ni mwepesi, ni rahisi, na Hilux zimeubeba kwa miaka mingi katika barabara ambazo sote tunazijua. Lakini ulipimwa kwa gurudumu moja lililo karibu na beringi. Shika ndoo ya maji mkono ukiwa umeshuka ubavuni, utatembea nayo hadi nyumbani. Sasa nyoosha mkono, ishike ndoo ileile mbali na mwili. Maji hayajaongezeka hata kikombe, na bega linaungua.

Hivi ndivyo kisahani kinavyofanya. Nitatumia namba za mfano ili hesabu iwe nyepesi. Chukua kilo 800 kwa upande mmoja wa ekseli, na katikati ya tairi iwe milimita 60 kutoka kwenye beringi. Nguvu ya kupinda hafushafti ni kama newton-mita 470. Sasa tairi ya pili inafungwa kwa nje, katikati yake ikiwa milimita 240 mbali na ya kwanza, kwa sababu lazima tairi zisigusane. Mzigo uleule wa kilo 800 sasa unakaa katikati ya jozi, yaani milimita 180 kutoka kwenye beringi. Nguvu ya kupinda inakuwa newton-mita 1,410, mara tatu, na hujaongeza hata tenga moja. Halafu tairi ya nje ikipanda jiwe au ukingo wa lami na ya ndani ikaning'inia hewani, mzigo wote unahamia milimita 300. Hiyo ni mara tano. Na baba mdogo hakutaka tairi nne ili abebe mzigo uleule. Alitaka kilo 1,200 kila upande. Zidisheni wenyewe.

Mtu wa fani nyingine atauliza: kama chuma kinaweza kustahimili mara tatu au hata mara tano, shida iko wapi? Shida ni kwamba shafti inazunguka. Sehemu iliyobanwa juu sasa hivi, nusu mzunguko baadaye iko chini na inavutwa, kisha inabanwa tena. Ni kama mtu anayetaka kukata waya bila koleo, anaupinda huku, anaupinda kule. Tairi ya Hilux yenye mzingo wa mita 2.3 inazunguka mara 435 kwa kilomita moja. Kutoka Ilula hadi Dar, tuseme kilomita 450, ni karibu mara laki mbili. Safari tano za kwenda tu, bila kurudi, chuma kimepindwa mara milioni. Zile pete nilizoziona kwenye benchi la fundi zimetoka hapo.

Na nisingehitaji hata kuhesabu kama ningesoma historia. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watengenezaji wa nyumba za magurudumu walizijenga juu ya chesisi za pikapu ndogo za Toyota. Nyumba zilikuwa nzito, kwa hiyo nyuma zikawekwa tairi nne, lakini ekseli ilibaki ya aina ileile ya Hilux, hafushafti inayobeba, yenye bolti tano. Kwa nje gari lilionekana la kazi nzito. Ekseli zikaanza kukatika, magurudumu yakachomoka barabarani, na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikaingilia kati. Magari hayo yaliitwa yarudi yabadilishiwe ekseli, yawekewe ile inayobeba kwa bomba, yenye bolti sita. Hadi leo Mmarekani anayenunua nyumba kuukuu ya aina hiyo, kitu cha kwanza anachofanya ni kuinama nyuma ahesabu bolti. Angalieni basi: kosa nililochora mimi kwa jioni moja lilishafanywa, likajulikana, na likapatiwa dawa kabla sijazaliwa.

Mtu anaweza kusema, lakini Wamarekani hao hao wana pikapu kubwa za tairi nne. Wanazo, na General Motors ilianza kuziuza kutoka kiwandani mwaka 1973. Lakini kiwanda hakikufunga kisahani. Kiliweka ekseli nzito inayobeba kwa bomba, springi zake, breki zake, na rimu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Rimu hizi mnazijua kutoka kwenye Canter. Ya mbele imetokeza nje kama bakuli lililofunikwa, ya nyuma ya nje imeingia ndani kama bakuli lililofunuliwa. Ni rimu moja, imegeuzwa tu. Ya ndani inatazama huku, ya nje inatazama kule, zinakutana mgongo kwa mgongo kwenye kitovu, kwa hiyo mzigo wa jozi unakaa karibu na beringi na haupelekwi nje. Ndiyo sababu pia spea moja inatosha mbele na nyuma. Nani aliyebuni hili sijui, ila ningempa mkono.

Nirudi kwenye kuvuta trela, maana wengi wetu tunafikiri tatizo la trela ni tairi. Trela haikai tu nyuma ya gari, inalala juu yake kidogo. Kawaida inatakiwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake iwe kwenye ile pua inayoshikana na pikapu. Trela ya tani mbili inaweka kilo 200. Lakini kilo hizo ziko nyuma ya ekseli, tuseme mita 1.2, na Hilux ina kama mita 3.1 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ni mchezo wa pembea. Ekseli ya nyuma inapokea kilo 277, na zile 77 za ziada zimetoka mbele, zimenyanyuliwa kutoka kwenye tairi zinazokata kona na zinazofanya kazi kubwa ya breki. Watu wa Ilula wakipanga matenga mengi mbele ya trela, kilo 200 inakuwa 400, na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Wakipanga mengi nyuma, pua inanyanyuka na trela inaanza kutikisa mkia. Hapa tairi nne zinasaidia kweli, nisizinyime haki yake. Zinalishika gari lisisukumwe upande na trela inayoyumba, na pancha moja haikuangushi. Kwa mtu mwenye ekseli inayostahili, hiyo ndiyo faida yake kubwa katika kuvuta. Ila hata yeye asisahau kuzigonga tairi za ndani kila anaposimama. Ya ndani ikiisha upepo, dereva hasikii kitu, mwenzake anabeba zote mbili, zinasuguana, zinapata moto. Wengine wameona lori likiwaka kwa sababu hiyo tu.

Lakini breki hazikuongezeka. Hili ndilo lililonitoa jasho usiku ule. Njia ya nyanya za Ilula kwenda Dar inashuka Kitonga, na aliyepita Kitonga hahitaji kuelezwa. Hilux yenye mzigo na trela ya tani mbili, jumla tuseme kilo 4,600. Kila inaposhuka mita 100 kwa wima, breki na injini zinatakiwa kumeza joto la kutosha kuchemsha lita 13 za maji kutoka ubaridi wa kawaida. Mita 100 tu, na Kitonga si mita 100. Ukiwa na tairi mbili au nne au kumi, dramu za nyuma ni zilezile. Trela ya baba mdogo haikuwa na breki kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Hilux nyingi zina valvu ya breki nyuma iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli. Gari likiwa tupu linakaa juu, fimbo inaiambia valvu ipunguze breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge. Likipakiwa linashuka, valvu inafungua zaidi. Sasa sisi tukiona pikapu inakaa chini tunafanya nini? Tunaongeza majani ya springi. Gari linabaki juu hata likiwa na mzigo, valvu inadhani ni tupu, breki za nyuma zinapungua siku ileile zinapohitajika. Kama nyumbani mmeongeza majani, mwambieni fundi airekebishe fimbo hiyo. Hili peke yake linastahili simu moja.

Sheria nitaipitia haraka, nisiwaingilie wenzangu wa sheria. Hapa Afrika Kusini leseni ya daraja B inakuruhusu kuvuta trela isiyozidi kilo 750. Zaidi ya hapo unahitaji EB, na trela yenyewe lazima iwe na breki. Trela ikizidi kilo 3,500, breki zake zinatakiwa zifanye kazi pamoja na za gari linalovuta. Na uzito wa juu wa gari lenyewe pamoja na mzigo, ule ulioandikwa kwenye kibati, haupandishwi na gereji kwa sababu imefunga tairi mbili zaidi. Viwango vya lazima vya magari vinasimamiwa na NRCS, iliyoanza mwaka 2008, na anayejenga au kubadilisha magari hivyo anatakiwa awe amesajiliwa. Na hata ukifanikiwa kuupandisha ukapita kilo 3,500, umeingia kwenye leseni ya C1 na kibali cha udereva wa kazi. Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne na tani 8 kwenye yenye tairi mbili, lakini hiyo ni kinga ya lami, inawahusu wenye malori. Mtu wa pikapu asije akaisoma akadhani amepewa ruhusa.

Mnaweza kuniuliza, je, haiwezekani kabisa? Inawezekana. Unatoa ekseli nzima ya gari lililozaliwa na tairi nne, pamoja na breki zake, unaangalia uwiano wa difu kama pikapu yako inavuta kwa magurudumu yote, unabadilisha propela, unaimarisha chesisi, unatafuta namna ya kupata rimu za mbele zinazofanana ili spea iwe moja, unapanua madigadi yafunike tairi. Ukimaliza umetumia fedha ya kununua Canter kuukuu, na huna Canter. Na tairi nne peke yake si cheo: hapa Joburg kuna vile vibakkie vya Hyundai H-100 vyenye vitairi vidogo viwiliviwili nyuma. Vimewekwa vidogo ili kitanda kikae chini, rahisi kupakia. Ni gari la tani moja.

Basi nikampigia baba mdogo asubuhi yake, kabla hajaenda shambani. Nikaamkia, nikauliza habari za nyumbani zote hadi za mbuzi, nikiwa natafuta ujasiri.

"Baba mdogo, ule mchoro usiutumie."

"Visahani vimeshatoka kwa mkerezaji," akasema. "Vizuri sana. Ijumaa tunafunga."

Nikamweleza. Ndoo ya maji alielewa mara moja, waya nao alielewa. Kilichomshinda ni kwamba mchoro ulikuwa wangu. "Sasa wewe ulisoma kabla au baada?" aliniuliza, na sikuwa na jibu isipokuwa la kweli: baada. Alikaa kimya hadi nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema fedha ya mkerezaji haitarudi, na kwamba ya Makambako inatembea hadi leo. Nikamwambia ile niliyoishika mkononi nayo ilitembea, hadi siku yake. Akakata simu. Siku kumi na mbili hakupokea simu yangu, akawa anaongea na mama tu. Kwenye familia yetu hiyo ni hukumu.

Siku ya kumi na tatu akapokea, akauliza kwa sauti ya kawaida: "Haya, mhandisi, kwa hiyo nifanye nini?" Tukakubaliana hivi. Trela ipate ekseli yenye breki, za aina inayojikaza yenyewe trela inapoisukuma pikapu. Posho yangu ya mwezi mzima ya kusimamia maabara ikaenda huko, na ni halali yake. Mzigo wa trela uteremke hadi tani moja. Matenga yapangwe kuanzia juu ya ekseli, nusu kuelekea mbele na nusu nyuma, mbele pazidi kidogo. Fimbo ya valvu irekebishwe. Na Kitonga ishukwe kwa gia ya pili tangu juu, si kuanza na ya nne na kutafuta ya pili katikati, kwa sababu hizo breki za kujikaza nazo hupata moto kwenye mteremko mrefu zikiachwa zifanye kazi peke yake.

Hakufurahi. Tani moja ni nusu ya alichotaka, na bei ya nyanya haimsubiri mtu. Visahani vyangu vimekaa juu ya turubai uani, vinazuia lisipeperuke, na kila mgeni akiviulizia anaambiwa vilichorwa Johannesburg.

Juzi Ijumaa alinipigia kutoka Ruaha Mbuyuni, chini ya Kitonga, wamesimama wanakula. Nikamwambia asogeze kiganja karibu na dramu ya nyuma, asiguse, aniambie kama kuna joto. Nikamsikia anaondoka mezani, anatembea, ananung'unika na tingo wake. Akarudi kwenye simu.

"Joto lipo," akasema. "Lakini ni la huku Ruaha Mbuyuni, mwanangu. Si la breki."